Uzito Utoke Kwenye Tunda

(Haya ni maneno niliyowaambia wanakikundi wa mtaani kwetu, Tanga, katika kikao cha Januari. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila pale tulipocheka mno nimepunguza.)

Mama zangu, dada zangu, wanangu mliokuja na madaftari, na nyie kina baba mliojibanza kule nyuma mkisubiri kuonjeshwa: asalaam aleikum. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mwenyekiti kaniomba nizungumze kidogo kuhusu vinywaji vizito vya matunda, vile vya kutengeneza nyumbani, halafu tuingie jikoni. Kidogo kweli, maana joto hili halitaki msemaji mrefu. Kaskazi imeshatukalia. Unaanika kanga saa nne, saa tano unaikunja. Na kwa miaka hii Ramadhani nayo inatuangukia ndani ya miezi hii hii ya jua, kwa hiyo wengi wenu mnaoniangalia hivi mnawaza futari, siyo mimi.

Sizungumzii maji ya ndimu, wala ukwaju, wala ubuyu. Hivyo kila mtu anavijua na vina heshima yake. Nazungumzia ile sharubati ambayo ukiinamisha glasi inateremka taratibu na kuacha kioo kimepakaa. Embe na tui. Stafeli na maziwa. Parachichi. Watu wana mwembe uani, mnazi nyuma ya nyumba, lakini sharubati wanaifuata mjini na wanapewa glasi ambayo robo tatu yake ni barafu.

Neno langu leo ni moja, na nitalirudia mpaka mnichoke: uzito utoke kwenye tunda na kwenye nazi. Usitoke kwenye barafu, usitoke kwenye sukari, usitoke kwenye kopo la maziwa mazito. Barafu iliyosagwa inakupa uzito wa kuazima. Dakika tano glasi inapendeza, dakika ya kumi juu kuna povu, katikati maji ya rangi rangi, chini makapi. Ukiona sharubati imejitenga hivyo, ujue waliopika walikosa tunda wakatafuta njia nyingine.

Tuanze na embe kwa sababu ndilo lililojaa sasa hivi. Ukiingia soko la Mgandini asubuhi utaona bolibo, dodo, sindano, na vile viembe vidogo vya kienyeji ambavyo wenyewe hawana hata jina la kuvipa. Kwa sharubati chukua bolibo. Nyama yake laini, nyuzi chache, ukilipata zuri kazi nusu imekwisha. Dodo ni tamu, silisemi vibaya mbele ya watu wa Muheza, lakini mengine yana nyuzi na itabidi yapite kwenye chujio. Sindano na wale wadogo zake, vinyonyeni tu mkiwa mmekaa barazani. Msivisumbue na blenda.

Rangi ya ganda isikudanganye. Kuna embe la kijani lililoiva barabara na kuna la manjano ambalo ndani ni gumu. Linusiwe kwenye kikonyo. Kama halinukii hapo, halitanukia kwenye glasi, na wewe utaanza kulitafutia arki na sukari ya kulifichia aibu.

Sasa nazi. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokata kona.

Nazi iwe kavu, ile ukiitikisa sikioni unasikia maji yanacheza. Koroma haina mafuta ya kutosha, itakupa maji meupe. Ukiivunja, inuse kabla hujaigusa na mbuzi; nazi moja iliyochina inaharibu sufuria zima na hakuna iliki itakayoiokoa. Ikune taratibu, na ukifika karibu na kifuu acha. Ile ngozi ya kahawia ikiingia, tui linakuwa na rangi ya vumbi.

Halafu maji. Yawe ya uvuguvugu, yale mkono unayavumilia, na yawe nusu kikombe tu kwa nazi moja. Mafuta ya nazi yanatoka kwa joto. Ukikamua kwa maji ya friji unaacha utajiri wote kwenye machicha na kuwapa kuku. Tia maji, vuruga kwa mkono, finya finya, acha dakika tano, kisha kamua kwa kifumbu. Kama kifumbu huna, kitambaa safi cheupe kilichochemshwa kinatosha. Hilo linalotoka kwanza ndilo kasimele, liweke pembeni. Rudia machicha na kikombe kimoja cha maji, kamua tena. Hilo la pili, jepesi, ndilo litakalokuwa maji yako ya kulainishia. Umenielewa, mwanangu mwenye daftari? Kwenye sharubati hii hatutii maji matupu hata tone. Panapohitaji kulainishwa, tunatia tui la pili.

Kuna swali naulizwa kila mahali: kwa nini sharubati ya nazi inafanya vipunje vyeupe juu, vinavyoganda kwenye midomo mfano wa mshumaa? Watu wanadhani tui limeharibika. Halijaharibika. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi joto 24 hivi. Nyie wenyewe mnayo chupa ya mafuta ya nazi ya kupaka. Kaskazi hii, hapa Tanga, ni maji kabisa ndani ya chupa. Ipeleke Lushoto mwezi wa saba ukalale nayo usiku mmoja, asubuhi utayachokoa kwa kijiti. Sasa wewe unachukua kasimele, unamwagia juu ya barafu, unawasha blenda. Mafuta yanashtuka, yanakamatana kabla hayajachanganyika na embe. Hivyo ndivyo vipunje.

Dawa yake ni mpangilio. Embe na kasimele vikutane kwanza vikiwa na joto la kawaida la jikoni, bila barafu na bila tunda lililogandishwa. Saga mpaka rangi iwe moja, usione mstari mweupe. Nyama ya embe inayabeba yale matone madogo ya mafuta na kuyazuia yasikutane tena. Hapo ndipo uonje, utie tui la pili kidogo kidogo mpaka ufike uzito unaoutaka wewe, kisha upeleke kwenye friji kwa saa mbili. Ukitaka barafu, vipande viwili kwenye glasi wakati wa kunywa. Vinatosha.

Vipimo? Maembe mawili makubwa ya bolibo, yatakupa kama vikombe viwili vya nyama. Kasimele ya nazi moja. Tui la pili nusu kikombe, labda zaidi kidogo. Iliki punje tatu, menya, twanga mbegu peke yake, maganda yatakuacha na makapi. Na chumvi, mbano mmoja wa vidole. Naona mama yangu pale umekunja uso. Itie tu. Kwenye nazi chumvi kidogo inaamsha utamu uliopo, ndiyo maana hata kwenye vitumbua huiachi. Glasi nne za wastani hizo. Sukari sijaitaja kwa makusudi. Embe likiwa bivu kweli halihitaji.

Tui halikai. Kwa joto hili tui lililokamuliwa asubuhi likiachwa mezani, mchana limeshachacha. Kamua saa ile unayotaka kutumia, na sharubati yake inywewe siku hiyo hiyo. Kwa mtoto mdogo au mgonjwa, lipashe tui kwanza kwa moto mdogo huku ukikoroga bila kuacha, lichemke kidogo tu, uepue, kisha lipoe mpaka liwe vuguvugu ndipo likutane na embe. Ukiliacha lichemke peke yake bila mwiko, litakatika, na hapo utapika wali tu.

Stafeli sasa. Hili ndilo tunda langu, siwafichi. Harufu yake ukiliweka sebuleni mgeni anauliza. Lakini lina hila zake.

Kwanza kulinunua. Stafeli huchumwa likiwa limekomaa lakini bado gumu, maana likiivia mtini linadondoka na kupasuka, au popo wanakutangulia. Kwa hiyo unalinunua gumu, unalikalisha jikoni siku mbili tatu. Liguse kwa kiganja, usilibonyeze kwa kidole. Likilegea chini ya mkono, siku ndiyo hiyo. Kesho yake tayari linaanza kuchacha, na sharubati ya stafeli lililochacha inawasha ulimi.

Halafu mbegu. Nisikilizeni hapa hata nyie mnaonong'ona. Mbegu za stafeli zisiingie kwenye blenda. Hata moja. Zina sumu iitwayo anonasini ambayo inadhuru neva, na blenda inazivunja na kuichanganya na kinywaji chako bila wewe kuona chochote zaidi ya vidoti vyeusi. Mwaka 1999 watafiti waliripoti kutoka Guadeloupe, visiwa vya huko Karibi, kwamba wagonjwa wengi waliokuwa na dalili zinazofanana na za Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, walikuwa watu waliozoea kula sana matunda ya jamii hii na kunywa chai ya majani yake. Hawakusema glasi moja itakuangusha, wala haikuthibitishwa kwamba tunda ndilo lililowaangusha wale. Mimi nalinywa na nitaendelea kulinywa, kwa msimu wake, kwa glasi. Ila mbegu natoa zote, na chai ya majani sinywi. Na anayekuuzia majani ya mstafeli akikuahidi kwamba yanatibu saratani, mwambie ahsante uende zako. Maabara zimeyajaribu kwenye vyombo vyao. Ushahidi kwamba yamemponya mgonjwa haupo, na mgonjwa anayeacha hospitali kwa ajili ya majani anapoteza muda ambao hatarudishiwa.

Kazi yenyewe ni ya mkono. Osha stafeli, osha mikono mpaka viwiko. Lipasue kwa vidole, halihitaji kisu, ganda linavuliwa lenyewe. Toa ule moyo wa katikati unaoanzia kikonyoni. Nyama yote tia kwenye bakuli pana, mimina kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha ingiza vidole na uanze kufikicha. Utasikia vitonge vyenye mbegu, kila kimoja kina yake ndani, inateleza. Isukume itoke, itupe pembeni. Kazi hii haina haraka. Wape watoto wakubwa, wanaipenda kwa kuchafuka. Ukimaliza, pitisha kwenye chujio lenye matundu makubwa, ukisukuma na kijiko cha mbao. Zile nyuzi zinazobaki zirudishie maji kidogo, zifikiche tena, chuja. Usizitupe mapema, utamu mwingi umejificha humo.

Unachopata ni uji mweupe, mzito wenyewe. Wengi wanaishia hapo wakautia kwenye friji, na si vibaya. Ukitaka maziwa, yawe yamechemshwa na yamepoa mpaka yakawa baridi. Maziwa ya kupimiwa mtaani yasiyochemshwa yanaleta brusela, sihitaji kuwaeleza, kuna nyumba zinaijua homa yake. Tia maziwa mwisho kabisa, kikombe kimoja kwa vikombe viwili vya stafeli, na ukoroge kwa mkono. Stafeli lina uchachu wake, na uchachu unakata maziwa. Yakiwa baridi na ukinywa mapema, hayapati nafasi ya kukatika. Juu yake kuna kungumanga kidogo iliyoparuzwa. Tena kidogo kweli.

Na hapa niwape onyo la nanasi, maana mtu akishajua stafeli na maziwa, kesho anajaribu nanasi na maziwa. Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kinachovunja protini. Ndicho kinachokuwasha ulimi ukila sana, na ndicho kinacholainisha nyama. Kikikutana na maziwa au mtindi, baada ya muda kinywaji kinakuwa kichungu, na watu wanamlaumu mwenye ng'ombe. Papai nalo lina tabia hiyo hiyo, hasa likiwa halijaiva sawasawa. Njia ni mbili. Chemsha vipande vya nanasi dakika chache, vipoe, ndipo uvisage na maziwa. Joto linakiua kile kimeng'enya. Au achana na maziwa kabisa, mpe nanasi mwenzake wa asili ambaye ni tui. Wenzetu wa Puerto Rico, huko huko Karibi, walilijua hilo, nanasi na tui wakakifanya kuwa kinywaji rasmi cha nchi mwaka 1978, japo wao wanatia pombe kali ndani yake. Sisi tunaishia kwenye tangawizi.

Parachichi halinihitaji sana. Haya makubwa ya milimani mengine yana maji mengi, hayo yapunguzieni maziwa. Yale madogo yenye ganda la vipele linalogeuka jeusi, aina ya Hass, yana mafuta zaidi na yanabeba maziwa mengi. Parachichi halilainiki mtini. Linachumwa gumu na kuivia ndani. Ukilifunga kwenye karatasi pamoja na ndizi mbivu linawahi, kwa sababu ndizi inatoa gesi ya kuivisha. Parachichi moja kubwa, maziwa baridi vikombe viwili, ndimu nusu kijiko ili lisigeuke rangi, asali kidogo. Umeme ukikatika usihangaike. Ponda kwa uma, sukuma kwenye chujio, koroga na maziwa kidogo kidogo. Inatoka laini kuliko ya blenda, na mikono yako inapata mazoezi. Hata embe lililolegea linakubali njia hiyo.

Kwa wenye friji la kugandisha, nina jambo dogo. Katakateni ndizi mbivu, kisukari au mtwike, vipande vyembamba, mvigandishe usiku. Kesho yake vipande hivyo vinakaa mahali pa barafu kwenye sharubati ya maziwa, ya parachichi kwa mfano. Vinapoza na vinaongeza uzito kwa wakati mmoja. Ila kwenye ya tui msivitie. Nimeshaeleza mafuta yanavyofanya yakikutana na baridi ya ghafla.

Maji na barafu. Sitaki kuwatisha, lakini pwani yetu hii kipindupindu hakijawahi kuwa hadithi ya mbali. Kugandisha hakuui vijidudu vya kipindupindu. Vinalala kwenye barafu, vinaamkia kwenye glasi. Kwa hiyo barafu ya nyumbani itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa, na lile bonge la barafu la kukokotwa kwenye gunia, kazi yake ni kupoza samaki. Maganda ya matunda yaoshwe kabla ya kukatwa, maana kisu kinabeba cha nje kukiingiza ndani.

Sukari nimeiacha nyuma kwa sababu ndiyo inayoleta ugomvi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima, ambazo ni kama vijiko 12 vya chai, na ikiwezekana nusu yake. Na wao katika hesabu hiyo wanaingiza hata sukari iliyomo kwenye juisi ya matunda. Kwa hiyo mwenye kisukari asidanganywe kwamba hii ni ya matunda basi haina neno. Anywe glasi ndogo baada ya chakula, isiwe jagi. Kwa wengine wote nasema hivi: onja kwanza, na onja ikiwa tayari imepoa, maana ubaridi unapunguza utamu ulimini. Ikikosa, tia kijiko kimoja kwenye jagi zima, uonje tena. Dada mmoja kaniuliza kabla sijasimama, je, maziwa mazito ya kopo? Dada yangu, hayo ni sukari iliyovaa kanzu nyeupe. Ukiyapenda, paka kwenye mkate.

Inayobaki msimwage. Sharubati ya embe na tui mimineni kwenye vikombe vidogo, chomekeni vijiti, igandisheni. Watoto wakitoka madrasa wanazo, na hawatakwenda kununua za rangi nyekundu zisizojulikana zimetoka wapi.

Basi, mwenyekiti ananionyesha saa. Nazi ziko sita pale kwenye ungo na mbuzi ni mbili, kwa hiyo nataka watu wawili wenye mikono yenye nguvu, na nasema hivi nikiwaangalia kina baba. Wa stafeli wakae huku kwangu, bakuli la mbegu ni hilo la bluu. Bibi zetu wapewe viti vya kivulini na wao ndio waonjaji. Nani anaanza kuvunja?